Macho Mekundu ya Bibi

Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, imo Usukumani, nchi ambayo kwa miongo kadhaa macho mekundu yametosha kumfanya bibi kizee aitwe mchawi na kukatwa mapanga usiku nyumbani kwake.

Daktari atasema ni moshi. Bibi amepikia kuni, mabua ya pamba na samadi kavu maisha yake yote, kwa kuwa miti ni haba. Ni kweli kabisa. Lakini jirani yake naye kapika kwenye moshi uleule. Mbona panga halikumfuata? Mchumi atauliza habari za shamba la mjane. Mwanahistoria atakumbusha Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, iliyozibananisha kaya zilizozoea kuishi mbalimbali. Mwanasheria ataishika Sheria ya Uchawi, ambayo Waingereza waliiweka mwaka 1928.

Kila mmoja ana kipande chake. Kuviunganisha ndiyo kazi iliyoizaa sosholojia.

Ibn Khaldun aliianza mwaka 1377, alipotafuta sababu za dola kuinuka na kuanguka katika mshikamano wa watu na namna wanavyojipatia riziki. Auguste Comte aliipa jina mwaka 1838, akaiweka juu ya elimu zote. Hapo alizidisha: bila historia, uchumi na sheria, sosholojia haina cha kushika. Émile Durkheim ndiye aliyeonyesha thamani yake mwaka 1897, alipochukua kifo kinachoonekana kuwa siri ya mtu mmoja, kujiua, akakisoma kama jambo la jamii nzima.

Usukumani elimu hii ilifika ikiwa mtumishi wa serikali. Hans Cory, mzaliwa wa Austria na mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alichapisha sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953. Kazi yake ina manufaa hadi leo, ila mtawala alitaka hasa kujua nani arithi na nani ahukumu. Baadaye Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyafanya mauaji ya vikongwe kuwa swali la utafiti, na hapo taaluma ikaanza kuwatumikia wanaouawa.

Jalada la polisi huandika jina la marehemu na majeraha yake. Pembeni yake panahitajika maswali matatu zaidi: shamba limebaki kwa nani, mganga gani alipiga ramli, na ni mtoto au ng'ombe wa nani aliyekufa siku chache kabla.