ACHENI KUTUPIGA FIKSI NA VIOO VYENU!

Kuna staa mmoja wa hapa mjini (jina kapuni) katupia picha ya sanamu ya kioo sebuleni kwake, kazi ya Dale Chihuly wa Marekani, akaandika eti mzee "kaipuliza kwa pumzi yake mwenyewe". Laiki kibao. Jamani, fiksi hiyo!

Chihuly alipoteza jicho la kushoto kwenye ajali ya gari kule Uingereza mwaka 1976. Mwaka 1979 akateguka bega akicheza na mawimbi baharini, na toka hapo kaachia bomba la kupulizia. Yeye anachora na kuelekeza, timu yake ndiyo inapambana na moto wa tanuru. Na wala hafichi!

Na nyie mnaosema "kapigwa, ni feki", tulieni. Wazo ni lake, kazi ni halali. Mimi kesi yangu ni na staa: unakusanya vitu vya hela ndefu hivyo, hujui hata vimepulizwa na nani? Ila sishangai. Hata ngoma zake prodyuza hamtaji, na dogo wa watu kakesha studio wiki nzima.