Kilele Kinaweza Kungoja



Katika kisiwa cha Réunion, kwenye Bahari ya Hindi, upo mlima uitwao Piton des Neiges, wenye urefu wa meta 3,070. Ni mlima wa moto, lakini si kama Nyiragongo yetu, ambayo moto wake uliingia mjini Goma mwaka 2002. Ule umelala tangu maelfu ya miaka.

Tuliupanda marafiki wanne. Tulianza karibu na Cilaos, tukapanda ngazi za mawe na magogo hata tukafika kwenye nyumba ya wasafiri, meta 2,478 juu ya bahari. Tukalala humo. Saa tisa za usiku tukaondoka na taa zetu, ili tulione jua likichomoza. Baridi ilikuwa kali, na mawe yaliteleza chini ya miguu.

Ulipobaki mwendo wa saa nzima kufika kileleni, mwenzetu mmoja aliketi. Goti lake lilikuwa limevimba. Akasema: «Nendeni, nitawangoja hapa.» Nakiri mbele yenu: moyoni nilifurahi kwa maneno hayo, nikashika njia. Lakini mdogo wetu kuliko wote alivua koti lake, akamfunika, akaketi kando yake bila neno. Nikaona haya, nikarudi. Wa nne naye akanifuata.

Jua lilipochomoza lilitukuta tukishuka polepole, sote pamoja.

Enyi vijana, mkumbukeni yule Msamaria mwema: naye alikuwa na safari yake. Mlima upo mahali pake hata leo. Lakini rafiki aliyeachwa gizani, je, utampata tena?