India Walijenga Barabara za Ushago Kilomita 700,000. Swali ni Nani Aliomoka

Kama umewahi kulipa mbao kwa kibanda ya movie ndio uone Mhindi akirusha watu kumi kwa ngumi moja huku DJ Afro anabonga juu yake, basi ushago ya India unaijua. Vumbi, ng'ombe, na staring anashuka kwa basi limejaa hadi juu ya paa. Kitu hatukuwahi kujiuliza ni hiyo basi ilifikaje hapo.

Kuna movie moja ya 2015 inaitwa Manjhi: The Mountain Man. Staring ni Nawazuddin Siddiqui, na stori yenyewe ni ya ukweli. Dashrath Manjhi alikuwa kibarua kutoka kijiji cha Gehlaur, jimbo la Bihar. Bibi yake, Falguni Devi, alifariki, na kati ya kijiji chao na daktari kulikuwa na mlima wa kuzunguka. Msee akanunua nyundo na tindo. Kuanzia 1960 hadi 1982, miaka 22, akachonga huo mlima peke yake mpaka njia ikatokea upande ule mwingine. Safari ya kilomita 55 ikabaki 15.

Watu hupenda hiyo stori juu ya mapenzi. Mimi nikiiangalia naona serikali ililala miaka 22 huku raia mmoja anafanya kazi yake na nyundo.

Lakini serikali iliamka, na ilipoamka iliamka na kazi kubwa sana. Hiyo ndio nataka tubonge leo, kwa sababu kila mtu huku kwetu mwenye anataka kura huahidi lami, na ni vizuri kujua wenye waliijenga kwa wingi walipata nini.

Plan ilikuwa hivi

Programu inaitwa Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Usiumize ulimi, ita PMGSY. Maana yake ni mpango wa waziri mkuu wa barabara za vijijini. Ilizinduliwa 25 Desemba 2000, siku ya kuzaliwa ya waziri mkuu wa wakati huo, Atal Bihari Vajpayee.

Wakati huo India ilihesabu vijiji na vitongoji kama 825,000, na karibu 330,000 havikuwa na barabara ya kupitika mwaka mzima. Mvua ikianza, mnakuwa kisiwa. Mgonjwa anabebwa kwa kitanda hadi kwa lami. Nyanya zako zinaozea shambani na mwenye lori hata hashughuliki kupiga simu.

Leo zaidi ya kilomita 700,000 zimejengwa au kuboreshwa. Ukizunguka dunia yote kwa ikweta ni kama kilomita 40,000, so hiyo ni kama kuzunguka dunia mara 17, na kwa barabara nyingi zenye upana wa gari moja tu.

Doh ilitoka wapi? Sehemu kubwa mwanzoni ilitoka kwa ushuru wa dizeli. Hiyo unaielewa, juu hata wewe ukiweka mafuta kwa nduthi hapa Kenya, tangu Julai 2024 unakatwa Sh25 kwa kila lita ya kutengeneza barabara. Kule serikali kuu ilikuwa inalipa kila kitu, halafu tangu 2015 majimbo yakaambiwa nayo yatoe asilimia 40. Yale ya milimani na kaskazini mashariki yakabaki kutoa 10 tu.

Sheria tatu zenye zilifanya kazi

Ya kwanza: foleni. Hawakusema barabara itaenda kwa kijiji cha mhesh kwanza. Walihesabu watu. Vijiji vya kuanzia watu 1,000 vitangulie, halafu vya 500. Kwa milima, jangwa na maeneo ya makabila ya asili, 250 wanatosha. Iko na ubaya wake, kwa sababu kijiji cha watu 480 kinaangalia jirani wa 510 akipata lami na wao wanabaki na matope. Lakini angalau unajua uko nambari gani na kwa nini.

Ya pili: ukijenga, ni mtoto wako. Mwanakandarasi mwenye anaweka lami anasaini pia kuitunza miaka mitano. Akiweka lami nyembamba kama chapati ya maji, mashimo yakitokea ni yeye anarudi kuziba. Si kazi yote inafuata hiyo karatasi, lakini karatasi iko, na inabadilisha hesabu ya mtu mwenye alikuwa amepanga kukula na kuhama.

Ya tatu: macho. Kuna mainjinia wa mradi, juu yao wakaguzi wa jimbo, na juu yao wakaguzi wa kitaifa. Kando ya barabara kunawekwa bango kwa lugha ya wenyeji kuonyesha kazi ni ya nani na imegharimu pesa ngapi. Na tangu 2015 kuna programu ya simu inaitwa Meri Sadak, yaani barabara yangu. Unapiga picha ya shimo, unatuma.

Baada ya hapo awamu zikaendelea. 2013 wakaanza kuboresha za zamani. 2019 wakasema kilomita 125,000 zenye zinaelekea kwa masoko, shule za sekondari na hospitali ziimarishwe. Septemba 2024 wakapitisha awamu ya nne: kilomita 62,500 za kufikia makazi 25,000 yenye bado yamebaki nje, kwa rupia bilioni 701.

Sasa, nani aliomoka?

Hapa ndio stori inageuka, na ndio maana niliketi nikaandika.

Wachumi wawili, Sam Asher na Paul Novosad, walichukua ile sheria ya idadi ya watu wakaitumia kama mtego. Kijiji cha watu 510 na cha 480 vinafanana kwa kila kitu, tofauti ni mmoja alipata lami. So ukiwalinganisha, unajua lami ilifanya nini. Utafiti wao ulitoka 2020.

Walipata nini? Vibarua wengi waliwacha shamba wakaenda kutafuta kazi zingine nje ya kijiji. Lakini mavuno hayakubadilika sana. Mapato hayakupanda kwa njia ya kushtua. Nyumba na mali za watu zilibaki karibu vile zilikuwa. Ile ahadi ya kwamba lami ikifika tu kijiji kinaamka tajiri, haikuonekana.

Manze, soma hiyo tena. Lami iliwapa nauli rahisi ya kutoka. Haikuleta kazi pale nyumbani.

Usinielewe vibaya. Kutoka pia ni kitu. Kuna utafiti mwingine, wa Shilpa Aggarwal, ulionyesha bei za vitu vya duka zilishuka, vitu vya aina mingi vikaanza kufika kijijini, na wakulima wakaanza kutumia mbolea zaidi. Mtu akiumwa anafika hospitali. Hiyo pekee Manjhi angeilipia na miaka mingine 22.

Lakini utafiti huo huo uko na sehemu yenye ilinikalisha chini. Vijana wa miaka 14 hadi 20, barabara ikifika, wengi waliwacha shule wakaenda kufanya kazi. Watoto wadogo, shule zikajaa zaidi. Wakubwa wakatoka.

Hiyo naijua. Mimi niliwacha campo mwaka wa pili. Hakuna mtu alinifukuza. Nilipata gig ya kuandikia watu matangazo ya simu, soo tano kwa moja, na mwezi wa kwanza nikashika ganji yenye sikuwa nimewahi kushika. Ukiwa na miaka 20, doh ya leo inapiga kelele kuliko digrii ya miaka miwili mbele. Sijutii kila siku, lakini ziko siku najuta. So nikisoma kuhusu boy wa miaka 16 kule ushago ya India, lami imefika Jumatatu, Jumanne lori la mjengo linapita likitafuta vibarua, siwezi kumwita mjinga. Alipiga hesabu yenye nilipiga.

Swali ni nani alikuwa amemwekea hesabu ingine mezani.

Bihar, jimbo lile lile la Manjhi, walijaribu. 2006 serikali ya jimbo ilianza kuwapa wasichana wenye wameingia darasa la tisa pesa ya kununua baiskeli. Hiyo tu. Baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash wakapata kwamba wasichana kwa sekondari waliongezeka kwa asilimia 32. Shule ilikuwa pale siku zote. Njia nayo ilikuwa. Kilichokosekana ni kitu cha kumtoa mlangoni hadi darasani bila kuchoka na bila wazazi kuogopa.

Na wenye walikula je?

Walikuwa, kwani ulidhani? Watafiti wengine watatu walilinganisha majina ya ukoo ya wanakandarasi na ya wabunge wa majimbo wenye walishinda kwa kura chache. Mhesh akiingia tu, tenda za watu wenye jina kama lake zinaongezeka, ingawa kisheria mbunge hana mkono kwa hizo tenda. Mbaya zaidi, barabara za hao watu ndio zilikuwa na uwezekano mkubwa wa kuandikwa zimekamilika kwa kompyuta ya serikali, halafu sensa ikifika kijijini, hakuna kitu. Barabara hewa.

Na kuuliza kunaweza kukugharimu. Mukesh Chandrakar alikuwa mwandishi wa habari kule Bastar, jimbo la Chhattisgarh, msitu wenye serikali na waasi wa Kimao wamepigania miaka mingi. Alikuwa na channel ya YouTube inaitwa Bastar Junction. Desemba 2024 ikatoka habari yenye alifanyia kazi, kuhusu barabara moja ya huko yenye ilikuwa imejengwa vibaya. 1 Januari 2025 akapotea. Siku mbili baadaye mwili wake ukapatikana ndani ya tanki la choo lenye lilikuwa limefunikwa na simiti mpya, kwa kiwanja cha mwanakandarasi wa barabara. Polisi wakamkamata huyo mwanakandarasi na wengine.

Msee wa simu, maiki na intaneti, kama mimi na wewe. Alikuwa anauliza swali moja tu: hii doh ya lami iko wapi?

So ukisikia lami inakuja

Mimi sipingi lami. Mtu mwenye amewahi kusukuma nduthi kwa matope saa tano usiku hawezi pinga lami. Lakini India walijenga mara 17 ya dunia na bado wanajifunza kwamba barabara ni mwanzo wa kazi.

So mhesh akikuja na greda mbele ya kamera, muulize zile maswali za PMGSY. Foleni ilipangwa na nani, na sisi tuko nambari gani? Nani anaitunza miaka mitano ijayo, na jina lake litaandikwa kwa bango gani? Na ikiisha, boy wa miaka 16 akisimama hapo kando ya lami, ni gari gani itapita kwanza: ya shule, ya soko, ama ya kumpeleka mjengo?

Akikosa jibu la hiyo ya mwisho, basi jua amekujengea njia ya kutoka nyumbani tu.