KONA YA SHANGAZI: Nina mtoto na shule niliiacha, chuoni watanipokea?

Mwaka unapoelekea ukingoni nimezoea kupata barua za mapenzi tu: kaniacha, karudi, kaoa mwingine. Safari hii zimechanganyika na za aina nyingine. Ni za mabinti, na vijana wa kiume wawili watatu, waliochukua fomu za vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile tunavyoviita FDC, na sasa usingizi hauji. Maswali yanafanana, kwa hiyo nayajibu kwa mpigo.

Kwa asiyevijua, vyuo hivi vilianza mwaka 1975 enzi za Mwalimu Nyerere, wazo likiwa limetoka kwenye vyuo vya watu wazima vya Sweden. Leo serikali inavyo 54. Dar es Salaam kuna Arnautoglu, Morogoro kuna Bigwa, Shinyanga kuna Buhangija, na vingine viko wilayani huko ambako basi linafika mara moja kwa siku. Wanafundisha ushonaji, umeme wa majumbani, uashi, useremala, mapishi, kilimo na mifugo, na fani nyingine kutegemea chuo chenyewe.

Sasa maswali.

“Shangazi, niliishia form two, nitaambiwa nini pale ofisini?” Hutaambiwa kitu, mwanangu. Kozi nyingi za ufundi za vyuo hivi hazidai cheti cha form four; aliyemaliza darasa la saba, anayejua kusoma na kuandika, ana nafasi yake. Ukitaka na masomo ya sekondari, njia ipo. Unafanya mtihani wa maarifa, ule wa QT, ukifaulu unaingia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ila nikwambie ukweli: kwenye karakana mtaongea Kiswahili, lakini masomo ya sekondari ni Kiingereza. Kama umekaa nyumbani miaka saba, Kiingereza chako kimelala. Anza kukiamsha sasa, usingoje Januari.

“Nina miaka 29, si nitakuwa mama yao?” Utakuwa dada yao mkubwa. Wiki mbili za kwanza watakuita mama, halafu watakuja kwako kuazima sabuni na kuomba ushauri wa mapenzi. Yamekwisha.

Swali la tatu ndilo lililojaza bahasha, na ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. “Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Nimfiche?”

Jamani, usimfiche mtoto! Namjua binti mmoja wa kwetu, aliyejifungua akiwa na miaka 17. Alipoenda kusoma ushonaji alisema hana mtoto. Kila mara mama yake alipompigia simu kwamba mtoto ana homa, alikuwa anaaga kwa msiba. Kufika mwezi wa tano alikuwa ameshazika ukoo mzima, babu kafa mara mbili! Mwalimu wa malezi alipomwita, binti akalia ofisini, akasema ukweli. Unajua mwalimu alimwambia nini? Kwamba kwenye darasa lake walikuwamo wenye watoto sita, na wote walikuwa wameshasema tangu siku ya kwanza.

Mabinti kama yeye wamefikiriwa zamani. Vyuo hivi vimekuwa na mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, uliowalenga hasa mabinti waliokatiza sekondari, wengi wao kwa sababu ya mimba. Mtu anasoma masomo ya sekondari na fani ya ufundi kwa pamoja, ndani ya miaka miwili. Na vipo vyuo vyenye kituo cha kulelea watoto palepale, mama akiwa karakani mtoto anacheza ng’ambo ya ua. Sasa kama umemficha, utampelekaje? Kabla hujalipa chochote, nenda chuoni kwa miguu yako uulize: kituo cha watoto kipo? Wanapokea wa umri gani? Bwenini naruhusiwa kulala naye, au nipange chumba nje? Majibu hayafanani chuo kwa chuo, na usimwamini jirani aliyesoma huko zamani.

Kwa mabinti wadogo zaidi, wenye miaka 16 au 17: tangu Novemba 2021 serikali ilisharuhusu aliyejifungua kurudi kwenye shule ya kawaida. Kwa hiyo kama roho yako iko kwenye fizikia na si kwenye cherehani, kaa na wazazi mlizungumze hilo kwanza. FDC iwe umeichagua mwenyewe, usiende kwa sababu tu baba anaona aibu kukuona na sare ya shule.

Ada? Sitaji kiasi, kila chuo na kozi ina bei yake. Ila chuo cha serikali unalipa kwa kumbukumbu namba, ile tunayoiita kontroo namba. Mtu akikwambia tuma kwenye simu yake “akuwahishie nafasi”, huyo hana nafasi yoyote, ana njaa yake. Na isome fomu ya kujiunga mpaka mwisho. Godoro na ndoo watu wanakumbuka. Rimu ya karatasi, jembe na fagio ndivyo vinavyowatoa jasho siku ya kuripoti.

Haya, tuje kwenye mambo yetu. “Mchumba wangu anasema nikisoma nitamwacha.” Barua nne zimesema hivyohivyo, mpaka nikadhani ni bwana mmoja! Bibie, kaa naye chini siku ambayo hamjagombana. Mwambie kozi ni ya muda gani, chuo kiko wapi, na mtoto atakaa na nani. Mpeleke akakione. Anayeogopa kweli, akishaona karakana na ratiba, hutulia. Asiyetulia hata baada ya hapo, na kila ukitaja chuo anataja mahari aliyotoa, huyo haogopi kuachwa. Anaogopa utakuwa na hela yako mwenyewe. Mimi siwezi kukwambia umwache, hiyo ni juu yako. Ninachokwambia ni kwamba ada yako asiitunze yeye, na vyeti vyako visikae kwenye sanduku lake.

La mwisho nalisema polepole. Msomaji mmoja wa Singida kauliza afanye nini mwalimu akimtaka ili amfaulishe. Hilo lina jina, ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai kwa sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007. Usimjibu kwa matusi wala kwa mapatano. Meseji usizifute. Mwambie mwalimu wa kike unayemwamini, kisha piga TAKUKURU namba 113, simu ni bure. Na usiende kwake jioni “kuchukua majibu ya mtihani” hata kama mwenzio atakusindikiza, maana wasindikizaji nao hutumwa dukani.

Yule binti wa kwetu? Alimaliza. Sasa anashona sare za shule, na mwezi uliopita alinikatalia kabisa kunipunguzia bei ya gauni, eti shangazi na biashara ni vitu viwili.