Barua ya wazi kwa Konservateri wa Hati za Ardhi na Nyumba, Kisangani: Kitabu kisomwe kabla pesa hazijatoka

Mheshimiwa Konservateri,

Katika miji yetu kuna kuta zilizoandikwa kwa rangi, kwa Kifaransa, kwamba parsele hii haiuzwi. Mgeni akiona maandishi hayo atadhani mwenye nyumba amechoshwa na wanunuzi. Sisi tunajua maana yake: mwenye mali anaogopa kwamba ndugu, mpangaji au komisionere, yaani dalali, ataiuza nyumba yeye akiwa safarini, naye hana pengine pa kumwonya mnunuzi ila kwenye ukuta wake mwenyewe. Onyo la namna hiyo mahali pake ni katika kitabu mnachokitunza ninyi. Kwa hiyo ninawaandikia kuomba jambo moja. Kila anayetaka kununua nyumba Kisangani apate kwenu, kabla hajatoa pesa, jibu la maandishi kuhusu hali ya parsele ile, kwa ada inayojulikana na ndani ya siku zinazojulikana: nani ameandikwa, kwa hati gani, hati hiyo inakwisha lini, na kama kuna deni au kesi juu yake.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980, imejengwa juu ya jambo ambalo wanunuzi wengi hawajawahi kuelezwa: ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali peke yake, wala haiuzwi. Mtu hupewa konsesyo, yaani haki ya kuitumia. Mkongomani anaweza kupewa ya kudumu, mgeni na kampuni hupewa ya muda. Nyumba iliyojengwa juu yake yaweza kuwa mali ya mtu, lakini kifungu cha 219 kinasema haki hiyo haithibitiki ila kwa cheti cha uandikishaji. Basi ile karatasi ya mauzo iliyotiwa saini mbele ya shefu wa kartie, hata ikiwa na mashahidi na muhuri, inamfunga muuzaji kwa mnunuzi tu. Haimfanyi mnunuzi kuwa mwenye nyumba mbele ya watu wengine. Parsele moja ikiuzwa kwa watu wawili, hashindi aliyelipa kwanza wala aliyelipa zaidi. Hushinda aliyeandikwa. Na kwa kanuni, miaka miwili ikipita cheti hakitikiswi tena. Aliyepoteza hubakiwa na haki ya kudai fidia, mara nyingi kwa mtu aliyekwisha kula pesa na kuhama mji.

Silaumu kanuni hiyo ya kumpa ushindi aliyeandikwa. Ilitungwa na Robert Torrens huko Australia Kusini, ikawa sheria 1858, nayo ikaingia Kongo tangu enzi za Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Ina faida kubwa: hakimu hana haja ya kufukua wauzaji wote wa zamani mmoja mmoja, maana kitabu kimekwisha kusema. Lakini kitabu kilipewa nguvu ya kumaliza ubishi kwa sababu anayenunua aliweza kukisoma. Sisi tulichukua nguvu yake, tukaacha usomaji. Sheria inamwambia mwendesha toleka, teksi ya baiskeli, aliyeweka akiba kwa miaka ili apate parsele katika komini ya Mangobo: umempa pesa mtu asiyeandikwa, shauri yako. Yeye anauliza, na swali lake ni la haki kabisa: ningejuaje? Jirani anajua nani analala pale, hajui nani ameandikwa. Shefu wa kartie anazo fishi zake, nazo hazina nguvu ya cheti. Komisionere hulipwa mauzo yakifanyika, kwa hiyo hana faida yoyote ya kuyazuia.

Zaidi ya hayo, karatasi zenyewe zinafanana machoni pa asiye mwanasheria. Muuzaji huleta fishi ya parsele, au kile kitabu cha zamani cha mwenye makao kilichotolewa na komini tangu siku za wakoloni, au mkataba wa upangaji wa Serikali, au cheti. Zote zina muhuri, zote zina namba. Mkataba wa upangaji ndio unaodanganya zaidi. Serikali huutoa kwa muda usiozidi miaka mitatu, ili mtu ajenge na kuonyesha kwamba ardhi ameitumia. Muda ukipita bila kujenga wala kuomba hati ya kudumu, haki inaweza kurudi kwa Serikali. Anayenunua mkataba uliokwisha amenunua hewa, na hakuna kitu juu ya karatasi kinachompigia kelele. Mstari mmoja kutoka ofisini kwenu ungetosha: hati ya aina hii, mwisho wake tarehe fulani.

Kuna pia nyumba ambazo muuzaji wake ni wa kweli lakini hana ruhusa ya kuuza peke yake. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka wanandoa wote wawili wakubali kabla nyumba haijatoka mikononi mwao, hata kama kwenye hati kuna jina la mume tu. Baba akifa, nyumba si ya kaka mkubwa wala ya shangazi anayeshika funguo; watoto wa marehemu ni warithi wa kundi la kwanza, na mjane anayo haki yake ya kutumia nyumba waliyoishi. Mnunuzi mwema hupokea funguo kwa kaka, miaka mitatu baadaye watoto wanakua na kwenda tribunali, na hapo pande zote mbili zina haki ya kulia. Jibu lenu la maandishi lingesema tu kwamba aliyeandikwa amefariki au ana ndoa, na kwamba saini za wengine zinahitajika. Kesi ngapi zingeishia hapo, kabla hazijazaliwa!

Mji huu una sababu yake ya pekee ya kujali uandishi. Juni 2000, katika Vita vya Siku Sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya nyumba zetu. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita katika nchi yetu: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 60 kwa maliasili, na 40 tu kwa mali. Majaji walisema wazi kwamba ushahidi wa mali zilizoharibiwa ulikuwa haba. Sidai kwamba kitabu kilicho wazi kingebadilisha hesabu ile peke yake. Nasema kwamba nyumba isiyoandikwa mahali panapofikika ikibomolewa, mwenyewe anabaki na maneno matupu, hata mbele ya mahakama inayotaka kumsikiliza.

Watumishi wenu watajibu kwanza kwamba parsele nyingi za Mangobo, Kabondo na Lubunga hazina cheti, kwa hiyo mnunuzi atakuja na kukuta ukurasa mtupu. Ukurasa mtupu ni jibu. Mnunuzi aliyeambiwa kwa maandishi kwamba parsele haijaandikwa ataweza kumwambia muuzaji: andikisha kwanza, au punguza bei, au pesa zikae kwa notere mpaka cheti kitoke. Kwa njia hiyo soko lenyewe litawaleta watu ofisini kwenu. Ugumu wa kweli uko pembeni ya mji, ambako ardhi ni ya mila na shefu wa ukoo ndiye anayekata viwanja. Sheria ya 1973 iliahidi, kifungu cha 389, amri ya Rais ya kupanga haki hizo, na miongo ikapita watu wakingoja. Tuliona ng'ambo ya kushoto ya mto, tangu Februari 2023, jinsi ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulivyomwaga damu na kuwafukuza watu makwao. Hilo halimo katika uwezo wa ofisi yenu. Lakini kumwambia mnunuzi kwamba kiwanja anachoonyeshwa kiko nje ya parsele zilizopimwa, hilo mnaliweza.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kitabu kikifunguliwa, wezi watajua nani ana nini, na ndugu wenye wivu watapata silaha. Nalichukua kwa uzito, maana hapa mtu mwenye mali ana adui. Ndiyo sababu siombi kila mpita njia afunue kurasa. Anayeuliza alete kitambulisho, aandike jina lake na namba ya parsele anayoitaka, apate yale niliyoyataja hapo juu tu, na ombi lake libaki kwenye daftari ili mwenye parsele aweze kuona nani aliuliza. Mwizi hapendi kuandika jina lake. Na yule anayetengeneza vyeti bandia leo hafaidiki na uwazi. Anafaidika na ugumu wa mtu wa kawaida kulinganisha karatasi mkononi na kitabu chenu.

Kuhusu gharama, Kenya inatoa mfano. Mnunuzi wa huko huomba upekuzi rasmi wa hati, analipa ada, anapewa jina la mwenye ardhi na mizigo iliyo juu yake. Mfumo wa intaneti wa Ardhisasa ulianza Nairobi 2021 tu. Kabla ya mifumo ya intaneti upekuzi ulifanywa kwa karatasi na wino. Nasi tunaweza kuanza na meza moja, daftari moja, na ada iliyobandikwa mlangoni ili asiwepo wa kuiongeza. Fomu ziwe kwa Kiswahili na Lingala pamoja na Kifaransa, kwani Katiba ya 2006 imezitaja lugha hizo mbili kuwa za taifa, na ndizo watu wanazotumia kupatana bei. Anzeni na Makiso, kisha komini nyingine zifuate.

Jambo la mwisho ni dogo kwa kuliandika, kubwa kwa mnunuzi. Ombi likipokewa kwa idhini ya mwenye parsele, parsele hiyo ifungwe kwa siku 30: uhamisho mwingine wowote usiandikwe ndani ya muda huo, ili aliyeuliza, akajibiwa, akalipa, asitanguliwe kitabuni na mwingine aliyepatana na muuzaji usiku. Siku hizo 30 ndizo ningeziomba kwanza, hata kama mengine yote yatachelewa.

Kwa heshima,
Mkaaji wa komini ya Kabondo, Kisangani