Ukiniambia nikimbie, unipe na njia

Wasomaji wetu wa kambi na wa cité, leo hatutaongea juu ya bei ya shaba wala juu ya kuranti inayokatika. Tunaongea juu ya zoruba ya bahari. Mutu atauliza: huku kwetu Katanga bahari haiko, hiyo mambo inatuangalia nini? Inatuangalia sana. Ndani yake kuko ulizo moja ambalo kila mufanyakazi analijua: wakubwa wakisema «mutoke, hatari inakuja», mutu asiye na kitu atatoka na nini?

Tuangalie muji wa New Orleans, kule Marekani, mwaka 2005. Sehemu kubwa ya ule muji iko chini kuliko bahari. Maji yanazuiliwa na kuta za udongo na beton. Siku ya tano, tarehe 26 ya mwezi wa nane, gavana wa Louisiana alitangaza hali ya hatari. Siku ya posho, barabara kubwa ziligeuzwa za kutoka tu, pande zote mbili. Siku ya Mungu asubuhi, meya Ray Nagin akaamuru watu wote watoke. Ile saa zoruba Katrina ilikuwa ingali baharini, na upepo wa kilometa 280 kwa saa. Siku ya kwanza asubuhi, tarehe 29, ikafika inchi kavu.

Tuseme kweli: watu wengi walitii. Zaidi ya milioni moja walitoka New Orleans na miji ya pembeni. Walipigilia mbao juu ya madirisha, wakabeba makaratasi, dawa na maji, wakaenda. Walikuwa na gari, walikuwa na franga ya esansi, walikuwa na ndugu mahali pengine ao uwezo wa kulipa hoteli. Walifanya vizuri, na hatuzarau kazi ile.

Lakini watu kama 100 000 wa ule muji hawakukuwa na gari. Na tazameni tarehe: 28 ya mwezi. Mutu wa mine hana haja ya kufasiriwa hiyo. Tarehe 28 mushahara haujaingia, mufuko umekauka, deni ya duka iko inangoja. Hata mwenye gari alijiuliza: nitaweka esansi na nini? Wakubwa walifungua uwanja mukubwa wa mupira wenye paa, Superdome, kama kimbilio la mwisho. Kiisha kuta zikavunjika, na maji yakafunika sehemu 80 juu ya 100 ya muji. Bisi nyingi za masomo zilionekana zimesimama ndani ya maji, hazikubeba mutu. Zaidi ya watu 1 300 walikufa, na kule Louisiana wengi wao walikuwa wazee.

Nyuma ya ile hasara, kukatokea watu wa kusema kwamba maskini ni vichwa ngumu, walikataa kusikia. Sisi hatukubali hilo neno hivi tu. Ni kweli, wengine walikataa: zoruba ngapi zilipita mbele na nyumba ikabaki! Wengine waliogopa wezi. Wengine hawakutaka kuacha imbwa wao, juu makimbilio mengi hayakupokea nyama. Hizo zote ni sababu za mutu mwenye akili, na zinatafutiwa dawa mbele, wakati mbingu ingali safi. Mukubwa anayeamuru watu wakimbie bila kuwapa njia anajitoa tu katika lawama.

Na kukimbia bila mupango kunaua vilevile. Majuma machache nyuma, zoruba nyingine, Rita, ikatisha Texas. Watu walikuwa wameona yaliyofika New Orleans. Wale wa Houston na pembeni wakatoka mara moja, zaidi ya milioni mbili. Barabara ikafungana, magari yakakaa saa nyingi ndani ya jua kali, esansi ikaishia njiani. Bisi moja iliyobeba wazee wagonjwa ikawaka moto karibu na Dallas, wazee 23 wakafa. Kwa jumla, karibu watu 100 walikufa katika kule kukimbia.

Sasa tuangalie Kuba, kisiwa kisicho tajiri. Mwaka 2004, mbele ya zoruba Ivan, Kuba ilihamisha watu zaidi ya milioni moja na nusu, na hakuna hata mumoja aliyekufa kule. Walifanya namna gani? Kila kartie iko na kamati. Kamati inajua nyumba kwa nyumba: huyu mama ana mimba, muzee huyu hatembei, hapa kuko mugonjwa wa kubebwa. Inajulikana mbele nani atalala katika nyumba ya nani, juu wengi wanapokelewa na ndugu ao jirani mwenye nyumba ya nguvu. Vyombo vya nyumba vinawekwa pahali pa salama, nyama wanahamishwa nao. Mutu anatoka na roho imetulia.

New Orleans yenyewe ilijifunza. Mwaka 2008, mbele ya zoruba Gustav, watu kama 18 000 wasio na gari walibebwa kwa bisi na treni. Leo kuko pahali 17 pa kungojea gari hilo, na hapo pamesimamishwa sanamu ya chuma ya mutu anayeinua mukono. Hata mutoto anajua: hatari ikija, tunaenda pale.

Tusiseme ni mambo ya ng'ambo. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika moto. Tarehe 27, gavana wa jeshi akaamuru kartie kumi za Goma zitoke. Ndugu zetu mamia ya maelfu walitoka, wengi kwa mguu na godoro juu ya kichwa, hawa kuelekea Sake, wale Rwanda, wengine kwa mashua mpaka Bukavu. Watoto wengi walipotezana na wazazi njiani. Agizo lilikuja, lakini wengi walitembea.

Na huku kwetu mvula iko karibu. Udongo wa mashimo utalegea, mito itapanda, na kuko famiya zinazolala pembeni ya bonde na chini ya vilima vya udongo uliotolewa mine. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Moja: kila shefu wa avenyi aandike sasa liste ya wazee, wagonjwa, mama wenye mimba na watoto wadogo. Karatasi na kalamu vinatosha.

Mbili: komini na kampani waseme mbele ya mvula camion gani itabeba watu, itasimama wapi, na watu watalala wapi. Camion ambazo usiku na muchana zinabeba minere zinaweza kubeba watu siku moja.

Tatu: mutu anayetii onyo asipoteze mushahara wake wa ile siku, wala nafasi yake ya kazi, wala vyombo vyake. Baba akijua kwamba kutoka shimoni kunamunyima bukari ya watoto, atabaki ndani ya shimo. Tumeona hiyo mara nyingi sana.

Na sisi wenyewe, baba na mama: tukubaliane nyumbani nani anabeba mutoto gani, nani anamushika muzee, na tukipotezana tutakutana wapi. Makaratasi yawe ndani ya sashe moja, isiyoingiza maji.

Haya tunayaweka mbele ya wakubwa sasa, wakati jua ingali inawaka. Mvula ikitupata tarehe 28 ya mwezi, mifuko yetu itakuwa tupu sawa ile ya watu wa New Orleans.