Lupanga: Kilele Kidogo Kisichotaka Mzaha

Ukitajiwa kupanda mlima, bila shaka fikra zako hukimbilia Kilimanjaro, na papo hapo wasema hiyo ni kazi ya wenye fedha. Juma hili natutazame karibu zaidi. Nyuma ya mji wa Morogoro imesimama safu ya Uluguru, na mojawapo ya vilele vyake ni Lupanga, chenye kimo cha mita zipatazo 2,100.

Mbele ya Kilimanjaro na mita zake 5,895, Lupanga ni mtoto mdogo. Lakini kimo kisikuhadae. Mji uko kwenye mita kama 500 tu; hivyo mpandaji hana budi kupanda mita 1,600 hivi na kuziteremka zote kabla ya giza kuingia. Njia huanza kati ya mashamba ya Waluguru, kisha huzama msituni. Humo mteremko ni mkali, ardhi huteleza, na aghalabu mtu hulazimika kushika mizizi na mawe kwa mikono ili ajiinue.

Kwa hiyo, jiandae. Omba kibali katika ofisi ya hifadhi mjini Morogoro na umchukue kiongozi mwenyeji. Epuka miezi ya masika. Vaa viatu vyenye soli ya kushika ardhi, beba maji na koti la mvua, uondoke alfajiri. Kabla ya kuondoka, pangeni saa ya kugeuka, tuseme saa sita mchana. Ikifika, geukeni, hata kama kilele kiko karibu. Baba asione haya kurudi mbele ya wanawe. Magoti yaliyochoka huteleza zaidi wakati wa kuteremka, na ukungu ukitanda njia hupotea machoni. Wenye watoto wadogo waishie Morningside, penye jengo la tangu enzi za Wajerumani. Huko nako hewa ni baridi na mandhari yanapendeza.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam safari hii ina maana nyingine. Vijito vya Uluguru huingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaolipatia jiji sehemu kubwa ya maji yake. Msitu huu hunasa ukungu na mvua, ukayaachia maji polepole hata wakati wa kiangazi. Ndiyo sababu mwaka 2008 ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia. Usiwashe moto ndani yake, usikate mti, wala usiache taka.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huwafikisha abiria Morogoro kwa muda mfupi. Wapeleke wanao wakakione kijito kikitoka msituni, nao watajua ndoo ya nyumbani hujazwa na nini.